PANGA LA PORINI: SAYANSI YA KUCHAGUA KISU KIKUBWA

Methali husema kwamba mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama. Maneno hayo ni kweli pale nyama inapogawanywa, lakini hayamtoshi mtu anayekwenda kukaa porini kwa siku kadhaa: mpima ardhi, mkusanyaji wa mimea, bwana misitu, mrina asali, au kundi la wanafunzi walio katika safari ya masomo. Kwa watu hao kisu kikubwa ndicho chombo cha kufyekea njia, kukatia nguzo za kibanda, kupasulia kuni zilizolowa na kutengenezea machela ya kumbebea aliyeumia. Kisu hicho kikivunjika, au kikimponyoka mtu mkononi, hospitali huwa mbali, na kosa lililofanyika dukani hulipwa kwa damu.

Hata hivyo, wanunuzi wengi huchagua panga kwa njia moja tu. Hugusa makali kwa kidole gumba, huuliza bei, basi. Lakini ukali ni sifa inayoweza kuongezwa nyumbani kwa tupa katika muda mfupi. Sifa zilizo muhimu zaidi ni aina ya chuma, namna kilivyotiwa matiko, unene wa bapa, mahali uzito ulipo, na jinsi chuma kilivyoungana na mpini. Hizo mnunuzi hawezi kuzirekebisha kwa urahisi akiisha kutoa fedha zake. Makala haya yanaeleza sayansi ya sifa hizo, na namna mwalimu na wanafunzi wanavyoweza kuzichunguza kwa vifaa vya kawaida vya shule.

Kabla ya kuendelea yafaa majina ya sehemu za kisu yafahamike. Upande wa kukatia huitwa makali. Upande wa pili ulio mnene ni mgongo. Ubavu mpana ulio kati ya mgongo na makali ni bapa. Mwisho wa mbele ni ncha. Sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini huitwa msuka, na mfuko wa kuhifadhia kisu huitwa ala.

KAZI KWANZA, KISU BAADAYE

Hakuna kisu kikubwa kilicho bora kwa kazi zote. Hili ndilo jambo la kwanza la kukumbuka, na ushahidi wake umo katika maumbo ya visu vya mataifa mbalimbali. Watu wa Malaysia hutumia parang, Wafilipino hutumia bolo, Wanepali wana kukri iliyopinda kuelekea mbele, na katika Amerika ya Kusini na ya Kati hutumika machete ndefu na nyembamba. Afrika Mashariki ina panga, na Wamaasai wana sime, yenye makali pande mbili, nyembamba karibu na mkono na pana kuelekea nchani. Kila umbo ni jibu la swali lililoulizwa na mimea na kazi za mahali pake.

Majani marefu, miwa na mimea laini inayotambaa haitoi upinzani mkubwa, lakini huinama na kukimbia mbele ya pigo lililo polepole. Mimea hiyo hutaka bapa refu na jembamba linalokwenda kwa kasi. Mti mgumu hauinami. Hutaka uzito na unene utakaoipanua njia ya kukatia ili bapa lisinase. Kazi ya tatu, nayo ni ya maana sana wakati wa mvua, ni kupasua kuni. Gogo lililolowa nje aghalabu huwa kavu katika kiini chake, na aliyepotea katika misitu ya milimani, ambako baridi na mvua vinaweza kuua, huhitaji kukifikia kiini hicho. Basi huweka makali juu ya kichwa cha gogo na kuupiga mgongo wa kisu kwa rungu la mti. Kazi hii hulitesa bapa na msuka kuliko nyingine zote.

Mtu ajiulize basi: je, siku zangu porini zitakuwa za kufyeka, za kukata nguzo, au za kupasua kuni? Kwa nchi zetu, ambako kufyeka ndiko kwingi, panga la kawaida lenye bapa la sentimeta 40 hadi 50 na unene wa milimeta 2 hadi 3 ni jibu jema. Visu vizito vinavyouzwa nchi za nje kwa ajili ya safari za porini huwa na bapa la sentimeta 20 hadi 25 na unene wa milimeta 5 au 6. Hivyo hupasua kuni vizuri, lakini katika nyasi ndefu humchosha mtu bure.

CHUMA NA KABONI

Chuma kitupu ni laini. Kinachokipa nguvu ni kiasi kidogo sana cha kaboni. Chuma chenye kaboni isiyofika asilimia 0.25 hupinda kwa urahisi, nacho hakiwezi kushika makali hata kikitiwa matiko. Kaboni ikizidi asilimia 2, chuma huwa cha kalibu, kama kile cha masufuria mazito ya zamani: kigumu, lakini hupasuka kikipigwa. Kati ya mipaka hiyo miwili ndimo kilimo chuma cha pua kifaacho kwa zana za kukatia. Mapanga mengi hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.75 hivi. Springi bapa za magari, ambazo wahunzi wetu huzipenda mno kwa kufulia sime na mapanga, aghalabu huwa na kaboni ya karibu asilimia 0.6; hawakosei wanapozichagua.

Maarifa hayo si mageni katika nchi zetu. Huko Ufipa, wahunzi walijenga tanuri ndefu za udongo ambazo hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini bila mivukuto. Katika milima ya Upare, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi wake. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichapisha katika jarida la Science habari za uyeyushaji wa chuma wa Wahaya na wazazi wao wa kale, magharibi ya Ziwa Victoria. Wazee waliokumbuka ufundi huo waliijenga tanuri upya mbele ya watafiti hao, na mabaki yaliyochimbwa yalionyesha kwamba tanuri za namna hiyo zilikuwako huko miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya namna hewa ilivyopata joto kabla ya kuingia motoni. Lakini wahunzi wale walipata chuma chenye kaboni ndani yake, yaani kitu kilicho karibu sana na chuma cha pua. Bidhaa za viwanda vya ng'ambo zilipoingia kwa bei nafuu, tanuri hizo zilizimika. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kuwapatia wakulima wa Tanzania majembe na mapanga yaliyotengenezwa nchini.

Kuna pia chuma cha pua kisichoshika kutu upesi. Hicho hutiwa kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu hufanya ngozi nyembamba ya oksidi juu ya chuma na kuikinga hewa na maji. Chuma hicho huwafaa wavuvi na watu wa pwani. Lakini vingi vya vyuma hivyo havistahimili mapigo kama vyuma vya kaboni vya springi, na hunoleka kwa shida. Kwa kisu kikubwa cha kupigia, chuma cha kaboni kinachofutwa na kupakwa mafuta kila jioni bado ni chaguo la busara.

MATIKO: UGUMU NA USTAHIMILIVU

Chuma kizuri kilichotiwa matiko vibaya ni chuma kibaya. Hapa kuna sifa mbili ambazo watu huzichanganya. Ugumu ni uwezo wa chuma kukataa kukwaruzwa na kubonyea. Ustahimilivu ni uwezo wa kupokea pigo bila kuvunjika. Kwa chuma kile kile, aghalabu moja ikizidi, nyingine hupungua. Kioo ni kigumu kuliko panga, lakini hakuna anayefyekea kwa kioo.

Mhunzi hukipasha moto chuma cha panga hadi kifike nyuzi 800 au zaidi za Selsiasi, kikawa chekundu cha kung'aa. Karibu na nyuzi 770 chuma huacha kuvutwa na sumaku, na wahunzi wengine hutumia dalili hiyo kujua kwamba joto la kutosha liko karibu. Kisha chuma huzamishwa ghafula katika maji au mafuta. Atomi za kaboni, ambazo katika joto lile zilikuwa zimetawanyika ndani ya chuma, hazipati nafasi ya kutoka. Hunaswa, na mpangilio wa atomi za chuma huvutika na kukakamaa. Hali hiyo huitwa martensiti, kwa kumkumbuka mtaalamu wa Ujerumani Adolf Martens. Martensiti mbichi ni ngumu sana, lakini huvunjika kama kigae.

Kwa hiyo kazi haijaisha. Chuma hupashwa moto mara ya pili, safari hii polepole na kwa kiasi, ili ugumu upungue kidogo na ustahimilivu urudi. Kikiwa kimesuguliwa kikang'aa, rangi zake humwongoza mhunzi: rangi ya nyasi kavu hutokea karibu na nyuzi 220, kahawia karibu na 255, na buluu karibu na 300. Nyembe husimamishwa mapema. Springi na mapanga huendelezwa mbele zaidi.

Mafundi hupima ugumu kwa kipimo cha Rockwell C. Tupa hufika 62 na zaidi. Kisu kizuri cha jikoni huwa kati ya 54 na 60. Panga zuri huwa chini ya hapo, kiasi cha 45 hadi 52. Wengine hudhani kwamba namba ndogo ni upungufu, lakini sivyo. Panga hugonga mawe, mafundo ya miti na mifupa. Likiwa gumu kama kisu cha jikoni, makali yake yatameguka. Likiwa na ugumu wa kiasi, yatabonyea tu, na mwenye panga atayanyoosha kwa tupa akiwa huko huko porini. Panga ambalo tupa haiwezi kuling'ata ni mzigo mbali na nyumbani.

Jaribio la kwanza. Mwalimu atwae sindano tatu kubwa za kushonea, ashike kila moja kwa koleo, na kuipasha moto hadi iwe nyekundu. Ya kwanza iachwe ipoe polepole hewani. Ya pili na ya tatu zitumbukizwe mara moja katika maji baridi. Kisha ya tatu isuguliwe kwa msasa na kupashwa moto kidogo kidogo hadi igeuke buluu. Zikiisha kupoa, kila moja ishikwe kwa koleo mbili na kupindwa ndani ya kitambaa, macho yakiwa yamekingwa kwa miwani. Ya kwanza itapinda na kubaki imepinda. Ya pili itakatika. Ya tatu itapinda kidogo na kurudi ilivyokuwa. Sindano hizo tatu ni mapanga matatu: lililokosa matiko, lililotiwa matiko nusu, na lililokamilika.

UREFU, UNENE NA UZITO

Nguvu ya pigo hutokana na nishati mwendo, ambayo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi. Tuseme kifundo cha mkono ndicho egemeo, na mkono unazunguka kwa radiani 20 kwa sekunde. Tungamo la kilo 0.3 lililo sentimeta 20 kutoka kwenye egemeo lina kasi ya meta 4 kwa sekunde na nishati ya jouli 2.4. Tungamo hilo hilo likisogezwa hadi sentimeta 40, kasi huwa meta 8 kwa sekunde na nishati jouli 9.6, yaani mara nne. Hii ndiyo siri ya panga linalopanuka kuelekea mbele, na ya sime pia. Lakini nishati haipatikani bure. Misuli ndiyo inayoitoa. Panga refu mno lenye kichwa kizito humchosha mtu kabla ya saa sita, na aliyechoka ndiye anayejikata.

Unene nao una hesabu yake. Uwezo wa bapa kukataa kupinda hukua kwa kipeo cha tatu cha unene. Bapa la milimeta 4 ni zito mara mbili kuliko la milimeta 2 lenye upana na urefu ule ule, lakini ukakamavu wake ni mara nane. Faida hiyo ni kubwa wakati wa kupasua kuni. Hata hivyo, bapa jembamba lina fadhila ya namna yake: likipindwa kwa kiasi kile kile, ngozi yake ya nje hunyooshwa kidogo kuliko ya bapa nene, hivyo hurudi mahali pake bila kupata kilema. Mtu akiliona panga linalonesanesa asilidharau kwa haraka.

Kila kitu kirefu kinachopigiwa kina pia mahali ambapo pigo halirudi mkononi. Mahali hapo huitwa kitovu cha pigo. Mtu akipiga mbele au nyuma ya hapo, mpini hutikisika na kuuma kiganja, na sehemu ya nishati hupotea katika mtikisiko huo. Kwa fimbo iliyo sawa kote, ikishikwa mwishoni, kitovu cha pigo kiko kwenye theluthi mbili za urefu wake. Kwa panga lililo pana mbele, kiko mbele zaidi.

Jaribio la pili. Makali ya panga yafunikwe kwa ukanda wa karatasi nyepesi. Panga litundikwe kwenye msumari imara kwa tundu lililo mwishoni mwa mpini, kisha lisukumwe kidogo ili libembee kama pendulamu. Wanafunzi wasimame mbali kidogo, wahesabu mibembeo 20 kamili na kupima muda wake. Wakigawanya kwa 20 watapata muda T wa mbembeo mmoja. Urefu kutoka kwenye msumari hadi kitovu cha pigo ni g mara T mraba, ukigawanywa kwa 4 mara pai mraba, ambapo g ni meta 9.8 kwa sekunde mraba. Kwa mfano, mibembeo 20 ikichukua sekunde 25.4, T ni sekunde 1.27, na kitovu cha pigo kiko karibu sentimeta 40 kutoka msumarini. Mahali hapo patiwe alama ya chaki. Kwa kuwa mkono hushika mpini mbele kidogo ya tundu, jawabu ni la kukadiria; lakini atakayepiga gogo kwa sehemu iliyo karibu na alama atahisi tofauti kiganjani mara moja. Panga ambalo kitovu chake kiko karibu na ncha kabisa, au karibu mno na mkono, halijagawanyiwa uzito vizuri kwa kazi ya kukata.

MAKALI

Makali ni kabari. Kabari nyembamba huingia kwa nguvu ndogo, lakini hudhoofika upesi. Kabari pana huhitaji nguvu zaidi, lakini hudumu. Visu vya jikoni hunolewa kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Kwa kisu kikubwa cha kupigia, nyuzi 20 hadi 25 zafaa, na kidogo zaidi kwa miti migumu. Mtu mwenye hekima huweza kunoa panga moja kwa pembe mbili: sehemu ya mbele, iliyo kwenye kitovu cha pigo, pembe pana kwa kukatia, na sehemu ya karibu na mkono, pembe nyembamba kwa kuchonga.

Mapanga mengi huuzwa bila kunolewa vizuri, na jambo hilo lisimtishe mnunuzi. La kutisha ni doa la buluu kwenye makali. Doa hilo huonyesha kwamba jiwe la mashine lilichoma chuma na kuyaharibu matiko mahali hapo. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye panga asilinoe kwa mashine kwa haraka. Tupa na kinoo chenye maji ni salama zaidi.

MSUKA NA MPINI

Shoka lisilo mpini halichanji kuni, na kisu chenye mpini mbaya ni afadhali kisingekuwako. Visu vingi huvunjika mahali bapa linapokutana na msuka. Sababu yake ilielezwa kwa hesabu na C. E. Inglis wa Cambridge mwaka 1913. Alionyesha kwamba nguvu zinazopita ndani ya bamba husongamana penye tundu, ufa au kona kali. Ukingoni mwa tundu la duara msongo huweza kufika mara tatu ya ule ulio mbali nalo, na kadiri kona inavyokuwa kali zaidi ndivyo msongo unavyozidi. Basi, msuka usiwe mwembamba ghafula kama uliokatwa kwa patasi. Uungane na bapa kwa mviringo. Ulio bora ni ule wenye upana wa mpini mzima, ukionekana juu na chini ya vipande viwili vya mti au plastiki vilivyofungwa kwa ribiti tatu au zaidi.

Mwaka 1982 filamu ya Marekani iitwayo First Blood iliwafanya vijana wengi duniani watamani kisu chenye mpini ulio tupu ndani kama bomba, wa kuwekea viberiti na ndoana, na chenye meno ya msumeno mgongoni. Fundi hodari huweza kukitengeneza kisu cha namna hiyo kikawa imara. Lakini vile vya bei rahisi vilivyofuata huwa na msuka mfupi uliogandishwa ndani ya bomba, navyo hung'oka kwa mapigo. Meno ya mgongoni nayo ni safu ya kona kali, tena huzuia mgongo usipigwe kwa rungu. Viberiti vina nafasi ya kutosha mfukoni.

Mpini ujaze kiganja bila kukilazimisha kufumba kwa nguvu. Uwe na kituo mbele au kisigino nyuma cha kuzuia mkono usiteleze, na ribiti zisitokeze nje. Mti uwe mkavu, usio na ufa, na nyuzi zake zifuate urefu wa mpini.

UCHUNGUZI DUKANI

Mnunuzi aombe ruhusa ya mwenye duka, kisha afanye mambo haya:

1. Ainue panga mbele ya jicho na kutazama mstari wa makali na mgongo. Usiwe umepinda.
2. Ashike mpini kwa vidole viwili na kuligonga bapa kwa kipande cha mti. Sauti inayolia ni dalili njema. Sauti iliyokufa yaweza kuwa ya ufa au ribiti iliyolegea.
3. Aibonyeze ncha juu ya ubao hadi bapa lipinde kidogo, kisha aachie. Lirudi likiwa limenyooka kabisa. Likibaki limepinda, halikutiwa matiko ya kutosha.
4. Apitishe tupa ndogo kwenye makali mara moja. Tupa ing'ate kwa shida kidogo. Ikizama kama katika bati, chuma ni laini. Ikiteleza bila kuacha alama, ni kigumu mno.
5. Atafute doa la buluu, ufa, na kona kali mwanzoni mwa msuka.
6. Alishike kama anayefyeka, bila kulizungusha ndani ya duka, na kusikia kama uzito unamfaa yeye. Panga la mtu mwenye nguvu nyingi si lazima liwe panga la mwanafunzi wa miaka kumi na sita.

USALAMA NA UTUNZAJI

Kabla ya pigo la kwanza, mtu anyooshe mkono wenye panga na kuzunguka polepole. Ndani ya duara hilo asiwepo mtu wala tawi linaloweza kunasa bapa. Pigo lielekee mbali na mguu, na mti unaokatwa uwe kati ya bapa na mwili. Mkono uliolowa jasho au mafuta ufutwe kwanza. Anayetembea aliweke panga alani, na anayempa mwenzake atangulize mpini.

Jeraha likitokea, kitambaa safi kibanwe juu yake kwa nguvu bila kufunuliwa kila mara, na mgonjwa apelekwe haraka kwenye zahanati au hospitali. Damu ikiwa imekoma bado kuna hatari ya pepopunda, na chanjo yake isisahauliwe.

Kutu huhitaji maji na oksijeni, na chumvi huiharakisha. Panga lifutwe, likaushwe na kupakwa mafuta ya mashine. Lisihifadhiwe kwa muda mrefu ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu. Yakumbukwe pia mambo ambayo panga haliwezi kufanya. Si silaha ya kumkabili nyati, wala si badala ya maji, dira na kuwaarifu watu safari inakoelekea. Tena katika hifadhi za taifa kukata mimea ni kosa kisheria.

Wahunzi wa kale hawakuwa na mizani ya Rockwell wala hesabu za Inglis. Walikuwa na rangi ya moto, sauti ya chuma na kumbukumbu ya makosa ya wazee wao. Sayansi ya leo imeeleza kwa nini walikuwa sahihi. Mwanafunzi anayejua sababu hizo anaweza kuingia katika duka lolote, la mjini au la gulioni, akatoka na panga linalofaa hata kama halina chapa mashuhuri.

MASWALI

1. Bapa moja lina unene wa milimeta 2 na jingine milimeta 3, kwa upana na urefu ule ule. La pili ni kakamavu mara ngapi kuliko la kwanza, na ni zito mara ngapi?
2. Panga lilibembea mara 20 kwa sekunde 28. Kitovu chake cha pigo kiko umbali gani kutoka kwenye msumari?
3. Kwa nini panga lililoungua katika moto wa jikoni hadi kuwa jekundu, kisha likapoa polepole, halishiki makali tena? Eleza jinsi mhunzi anavyoweza kulirudishia uwezo wake.
4. Chunguza mapanga, fyekeo na mundu zilizoko shuleni. Eleza jinsi umbo la kila chombo linavyolingana na kazi yake.